Punje Moja: shajara ya riwaya yangu (bado drafti ya kwanza, bado inanitesa)

Machi 4

Haya jamani naanza rasmi, maana nimekuwa nikisema "naandika riwaya" tangu mwaka juzi na hakuna aliyeona hata chapta moja. Mradi ni huu: riwaya ya mapenzi ya vijana, fantasia, imetoka kwenye hadithi za kale za Ugiriki ila kwa Kiswahili chetu. Mhusika mkuu ana miaka 18. Lengo maneno 60,000. Leo nipo maneno sifuri, nina daftari la noti na kalamu nne zote nyekundu, usiniulize kwa nini.

Hadithi niliyochagua ni ya Persephone na Hades, ile wengi mnaijua. Binti wa Demeter, mungu wa mazao, anachuma maua, ardhi inapasuka, mfalme wa kuzimu anatoka na gari la farasi anambeba. Mama anazunguka dunia kumtafuta, siku tisa hali wala hanywi, baadaye anakasirika mazao yanagoma kuota, mwisho binti anarudishwa ila ameshaonja komamanga la kuzimu kwa hiyo kila mwaka lazima arudi chini. Nikasema hii ni romansi ilishapikwa, mimi kazi yangu kupakua tu.

Machi 11

Si ya kupakua.

Nimekaa wiki nzima na ule utenzi wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, mistari 495 hivi, wa karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo, ambao watu huuita wa Homer ingawa Homer hakuutunga. Umbea kidogo kabla sijaendelea: utenzi huu ulipotea karne na karne mpaka mwaka 1777 ulipoonekana kwenye mswada mmoja huko Moscow, mmoja tu, na siku hizi mswada wenyewe uko Leiden, Uholanzi. Yaani ule mmoja ungeliwa na panya mimi leo ningekuwa naandika kitu kingine kabisa.

Sasa nilichokuta ni kwamba romansi haimo. Binti anapiga kelele mpaka milima inaitikia, anamwita baba yake, kumbe baba ndiye aliyemtoa. Zeus, mfalme wa miungu, alishakubaliana na Hades kimyakimya na mama mtu hajaambiwa. Waliosikia mwanzoni ni wawili tu, mungu Hekate akiwa pangoni kwake na Helios, yaani Jua mwenyewe. Halafu hebu piga hesabu za ukoo kwa Kiswahili uone zinavyokaa. Hades ni kaka mkubwa wa Zeus, kwa hiyo kwa binti ni baba mkubwa. Lakini Demeter naye ni dada yao wote wawili, kwa hiyo Hades ni mjomba pia. Bwana harusi ni baba mkubwa na ni mjomba hapohapo. Kwa Kiingereza inapita kwa sababu wana neno moja tu, "uncle", na halina meno, kwa Kiswahili ukiandika "baba mkubwa akamshika mkono akamwambia nakupenda" msomaji anaitupa simu.

Nilimsimulia shangazi tukiwa tunachambua mchele. Alisikiliza mpaka nilipofika pale Helios anapomtuliza Demeter kwamba asilie sana, Hades ni mkwe wa hadhi, ni mfalme. Shangazi akasimamisha ungo. "Mkwe gani hajaleta hata barua?" Akaendelea kuchambua.

Nimeandika maneno 2,100. Nimefuta 2,100.

Machi 19

Nimenunua komamanga. Nilitaka kuona kitu chenyewe maana nimeandika "punje ya komamanga" mara kumi na mbili na sikumbuki mara ya mwisho kulila.

Nimelipasua mezani kwa kisu cha mboga. Ganda gumu kama ngozi ya kiatu, ndani ni vyumba vyumba vimetengwa na utando mwembamba wa njano, na punje zimebanana kila moja ina pembe zake kwa jinsi ilivyosukumwa na jirani, kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Nilianza kuhesabu nikafika 312 nikachoka na bado kulikuwa na upande mzima. Ukiibana punje kwa jino inatoa maji kwanza, matamu yenye ukali, halafu unakutana na mbegu ngumu katikati. Sasa hapo ndipo swali langu lilipoanza. Je, mtu akifyonza yale maji akatema mbegu, amekula? Kwa sheria za kuzimu? Nimelikalia swali hili jioni nzima na kanga yangu nzuri ina madoa mpaka leo.

Kurudi kwenye kitabu. Kwenye utenzi, Hades anampa binti punje moja kwa siri wakati anaagwa. Baadaye binti akimsimulia mama yake anasema alimlazimisha. Utenzi mmoja, tukio moja, lina maelezo mawili, na mtunzi hakuamua. Ukienda kwa Ovid, mshairi wa Roma, huko binti alikuwa anatembea bustanini akachuma mwenyewe na akala punje saba. Moja au saba, kulishwa au kujilia, kila mtu na lake. Na kipindi cha kukaa chini kinabadilika pia, utenzi unasema theluthi ya mwaka, Ovid anasema nusu.

Lakini kwa Ovid kuna mtu alimwona. Mmoja tu katika kuzimu nzima. Anaitwa Askalaphos, mtoto wa mto Acheron, akaenda kusema, na kwa kusema kwake Persephone akakosa kurudi moja kwa moja. Amepewa mistari michache akageuzwa bundi basi kesi imeisha.

Mimi nikabaki na huyu kijana kichwani. Alikuwa anafanya nini bustanini? Kwa nini aseme?

Machi 22

Nimemtoa Hades kwenye nafasi ya mpenzi. Najua wengine mtaninunia, kuna watu wawili wameshanitumia ujumbe kwamba wao walikuja kwa ajili ya Hades mwenye macho ya huzuni na koti refu jeusi. Samahani. Atakuwepo, atakuwa na koti, ila hapati mtu.

Mpenzi ni Askalaphos. Kwangu mimi ndiye mtunza bustani. Mikono ina udongo.

Machi 29

Jamani. JAMANI. Nimepata ploti na sijalala.

Kuna vitu viwili nilikuwa nimeviandika kurasa tofauti za daftari na sikuwahi kuviweka pamoja. Cha kwanza ni kiapo cha Styx. Hesiod, mshairi wa kale wa Ugiriki, kwenye Theogonia, utenzi wake wa ukoo wa miungu, anaeleza kwamba miungu wakigombana na mmoja akashukiwa uongo, Zeus anamtuma Iris, tarishi wa miungu, akachote maji ya mto Styx wa kuzimu kwenye jagi la dhahabu, na mungu anaapa kwa maji hayo. Akiapa uongo adhabu yake iko wazi kabisa kama hukumu ya mahakama: mwaka mzima analala bila pumzi, bila sauti, hagusi chakula cha miungu. Ukiisha huo mwaka anafungiwa miaka tisa mingine, haendi kwenye vikao vyao wala karamu zao. Mwaka wa kumi ndiyo anarudi.

Cha pili ni adhabu ya Askalaphos. Kwa Ovid anageuzwa bundi hapohapo, Persephone anamrushia maji ya mto wa kuzimu. Ila kwenye masimulizi yaliyokusanywa chini ya jina la Apollodorus, Demeter kwanza anamkandamiza chini ya jiwe zito kulekule kuzimu, na baadaye Herakles, yule shujaa mwenye nguvu, akishuka analiondoa lile jiwe, ndipo anageuzwa bundi.

Jiwe kwanza, bundi baadaye. Mwaka wa kulala bila pumzi kwanza, miaka tisa ya kutengwa baadaye.

Mnaona??? Inaingiana kama ufunguo. Sisemi Wagiriki walimaanisha hivyo, hakuna aliyesema hivyo, hii ni yangu mimi na kanga yangu yenye madoa. Lakini kwenye riwaya yangu Askalaphos hakuadhibiwa kwa kuchongea. Aliadhibiwa kwa kuapa uongo. Aliona punje saba zikiliwa, akaapa kwa Styx kwamba ni moja. Saba zingemweka binti chini milele, moja ni theluthi ya mwaka. Akameza zile sita zilizobaki yeye, kwa maana ya dhambi, na dunia nzima mpaka leo inamkumbuka kama mmbea.

Sasa swali: kijana wa kuzimu anajali nini kama binti wa watu atarudi au harudi? Lazima kuna mtu juu ya ardhi ambaye anakufa njaa.

Maneno 6,400 na safari hii hayafutwi.

Aprili 5

Mtu wa juu nimempata na wala sikumbuni, yupo kwenye utenzi. Demeter alipochoka kutafuta alijigeuza bikizee akakaa kisimani Eleusis, mji wa kando ya bahari kama kilomita 20 hivi kutoka Athens. Mabinti wanne wa mfalme Keleos wakaja kuchota maji: Kallidike, Kleisidike, Demo na Kallithoe, na mtunzi anasema Kallithoe ndiye mkubwa wao. Basi. Hasemi kitu kingine juu yake. Mtoto wa kwanza, kumtaja tu halafu kimya. Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, nikajua huyu ndiye mhusika wangu mkuu.

Scene ya kisimani nimeiandika mara tatu kwa sababu ya salamu. Binti wa miaka 18 anamkuta bibi kizee amekaa peke yake chini ya mzeituni. Anasemaje? Kwa Kiswahili hawezi kuanza "wewe ni nani na umetoka wapi" kama kwenye utenzi, msomaji ataona huyu binti hana adabu na kitabu kimeishia hapo. Nikaandika "Shikamoo bibi." Nikaona aibu, nikafuta, nikasema huyu ni Mgiriki wa kale shikamoo kaitolea wapi. Siku mbili nazunguka. Halafu nikakumbuka kwamba sisi wenyewe tumefundishwa shikamoo ni "nashika miguu yako", na Wagiriki hao hao mtu akitaka kumwomba mkubwa kwa dhati alikuwa anapiga magoti anamshika magoti yake, na mkono mwingine kidevu. Thetis, mungu wa baharini, anamfanyia Zeus hivyo mwanzoni kabisa mwa Iliadi ya Homer. Kwa hiyo shikamoo imebaki na sitaki kusikia neno. Demeter anaitika "marahaba mwanangu" na ndiyo mara ya kwanza anasema neno mwanangu tangu binti yake apotee, anakatika sauti katikati. Sikupanga hivyo, ilikuja yenyewe.

Aprili 8

Suala la bundi. Nimeulizwa na watu watatu, bundi si wa mungu Athena, ndege wa hekima, yule wa kwenye pesa zao? Ndiyo, yupo, ila huyo ni aina nyingine. Huyu wa Askalaphos Ovid mwenyewe anamwita ndege mchafu, mvivu, mleta habari mbaya kwa binadamu. Yaani bundi wetu kabisa, wa kulia juu ya paa watu wakaanza kuulizana nani mgonjwa. Nimefurahi kupita kiasi maana sihitaji kueleza chochote. Nikiandika "bundi akatua kwenye paa la Keleos" msomaji wangu ameshaogopa kabla hajajua kwamba huyo ndiye kijana tunayempenda na amekuja kuangalia kama watu wamekula.

Aprili 17

Wiki mbaya. Nilikuwa naandika kwenye simu bando likiwa limekata, nikafungua faili lilelile kwenye kompyuta ya ofisini, nikahifadhi, na jioni simu iliporudi hewani ikapandisha vesheni ya zamani juu ya mpya. Chapta ya 9 nzima, maneno kama 3,000, imekwenda. Kosa ni langu. Nililia kidogo bafuni halafu nikaenda kutengeneza kykeon.

Kykeon ndicho kinywaji alichoomba Demeter. Mama wa wale mabinti, Metaneira, alimpa divai akaikataa, akasema achanganyiwe maji na unga wa shayiri na majani mabichi ya mnanaa mwitu. Baadaye kikawa kinywaji cha ibada za siri za Eleusis, zile ambazo ukitoboa kilichofanyika ndani ungeweza kuuawa. Mimi nilitumia nanaa ya kawaida ya chai kwa sababu ule mnanaa wao nasikia mafuta yake ni sumu, na unga wa shayiri niliupata kwenye duka la vyakula vya wagonjwa wa kisukari. Nilikoroga kwenye maji baridi maana hawasemi popote kwamba ulichemshwa.

Ni uji uliokataa kuwa uji. Unga unazama chini, juu kunabaki maji yenye harufu ya nanaa, ukitikisa unakunywa mchanga, usipotikisa unakunywa maji. Lakini nilikuwa sijala tangu asubuhi, na glasi ilipofika nusu nikaona kabisa jinsi mtu aliyefunga siku tisa angekipokea hiki kitu. Demeter hakuomba kitu kitamu. Aliomba kitu kinachokaa tumboni. Nikarudi kuandika chapta ya 9 upya na imekuwa fupi, maneno 1,700, na ni bora kuliko ile iliyopotea, inaniuma kukiri.

Aprili 26

Sasa ndiyo moyo wa kitabu. Nilikuwa sijui Kallithoe na Askalaphos wanakutana wapi na wanafanya nini, maana mapenzi si kutazamana tu.

Mahali nimepata: pale Eleusis kuna pango la Hades, Wagiriki walijenga hekalu mbele yake na mabaki yake yapo hadi leo, katikati ya mji wa viwanda na viwanja vya meli. Ukiona picha unaona mawe ya kale huku, bomba la moshi kule. Kwenye riwaya pango linafunguka chini.

Na wanachofanya: mwaka ule Demeter amejifungia hekaluni, mbegu haichipui, ng'ombe wanalima bure. Juu ya ardhi hakuna kitu. Sehemu pekee yenye tunda lililoiva ni bustani ya kuzimu, na mwenye funguo ni kijana anayempenda binti mwenye njaa. Kila usiku anakuja mdomoni mwa pango na mikono inanukia komamanga na hawezi kumpa. Akimpa, amempata milele. Hades alitoa punje. Huyu anabana.

Nilimwambia shangazi. Akakaa kimya kidogo, akasema "huyo sasa alete barua."

Mei 6

Maneno 31,500. Nimewapa watu wanne wasome nusu ya kwanza.

Mdogo wangu amepiga hesabu, jamani huyu mtoto akisoma hesabu darasani hivi tungekuwa mbali. Anasema: "Dada, Kallithoe ana 18. Mwaka mmoja jamaa yuko chini ya jiwe, miaka tisa bundi. Akitoka dada ana 28, ana watoto watatu, riwaya ya vijana imeishia wapi?" Sikuwa na jibu. Nimelala nalo siku nne.

Jibu la muda: kitabu kinaishia siku jiwe linapoondolewa. Hesiod anasema ametengwa na miungu, hasemi ametengwa na watu. Miaka tisa hatakiwi Olimpo kwenye makao ya miungu, sawa, nani anataka Olimpo. Mchana mtu, usiku bundi, kibarua kwenye mashamba ya Keleos shayiri ikiwa imeota tena. Herakles nimemfuta, jiwe linaondolewa na Kallithoe na dada zake watatu kwa kamba ya kisimani. Wapenzi wa Herakles mje tuongee.

Mwingine amelalamika kwamba majira hayaeleweki, kwa nini nasema ardhi imekufa wakati wa jua kali badala ya theluji. Hapa nimefanya makusudi. Utenzi unasema binti anarudi wakati wa maua, ila kuna wasomi, Nilsson wa Uswidi mmojawapo, waliona kwamba Ugiriki nafaka hupandwa vuli, huvunwa mwanzoni mwa kiangazi, na wakati ardhi imekauka kabisa ni kiangazi, mbegu ikiwa imehifadhiwa chini kwenye mashimo. Wapo wasiokubaliana naye. Mimi msomaji wangu hajawahi kuona theluji ila ardhi iliyopasuka kwa jua anaijua, nimechagua upande wa Nilsson bila aibu.

Mei 13

Nimeweka hapa kipande cha chapta ya 14 kwa sababu mmeniomba sana. Bado hakijaeditiwa. Demophoon ni mdogo wao wa mwisho, kichanga.

"Nipe moja," Kallithoe alisema. "Si yangu. Ya mtoto."

Askalaphos alirudisha mikono nyuma.

"Mama maziwa yamekauka. Leo hajalia tangu asubuhi. Unajua maana ya mtoto kutolia?"

"Najua."

"Moja. Nitaikamua maji tu, mbegu nitakurudishia mkononi. Utaihesabu mwenyewe."

"Maji nayo yanahesabiwa," alisema. Sauti haikutoka vizuri.

Akamtukana. Alimtukana matusi ambayo mabinti wa mfalme hawatakiwi kuyajua, mpaka pango likawa linamrudishia, na yeye alisimama akiyapokea yote, mikono nyuma, maji mekundu yakimdondoka kwenye vidole alivyofumba, tone, tone, juu ya jiwe.

Hapo ndipo nilipofika. Chapta ya 15 lazima mtoto ale kitu na sijui atakipata wapi.